Tuwafunze vijana kuuliza: ni kifo kipi?

Kitenzi kufa ni miongoni mwa vitenzi vifupi kabisa vya Kiswahili. Ukikiondolea kiambishi cha mwanzo na irabu ya mwisho, mzizi unaosalia ni konsonanti moja pekee, -f-. Hata hivyo, konsonanti hiyo moja imebeba mzigo mkubwa kuliko maneno mengi marefu tunayojivunia. Kutokana nayo tumepata kifo, mfu, ufu, kufia, kufiwa, kufisha na mengineyo, na kila mojawapo lina matumizi yake.

Katika mazungumzo ya kila siku neno hili halitutatizi hata kidogo. Fundi akisema saa imekufa, hakuna anayeuliza mazishi ni lini. Mkulima akilalamika kwamba kiwanda cha eneo lake kilikufa, tunaelewa kwamba mashine zilinyamaza na wafanyakazi wakarejea makwao. Aliyekalia mguu wake kwa muda mrefu husema mguu umekufa ganzi. Aliyeanguka mtihani huambiwa asife moyo. Na mwanafunzi aliyecheleweshewa chakula cha mchana humwambia mwenzake kwamba anakufa kwa njaa. Sote hutambua, bila ya kufundishwa, ni lini neno limetumiwa kwa maana yake ya msingi na ni lini limetumiwa kwa sitiari.

Ajabu ni kwamba uwezo uo huo huwaponyoka wengi wetu mara tu neno lile linapotamkwa mimbarini. Hapo tunadhani kwamba maadam neno ni takatifu, basi halina budi kuwa na maana moja tu, na kwamba kuuliza maana yake ni upungufu wa imani.

Matokeo ya fikira hiyo tumeyaona. Mwezi wa Aprili 2023 polisi walianza kufukua makaburi katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi. Kufikia katikati ya Julai mwaka uo huo, idadi ya waliokufa ilikuwa imepita 400. Marehemu walihusishwa na kanisa moja lililojulikana, pamoja na mambo mengine, kwa kupinga elimu ya shule. Kulingana na maelezo ya walionusurika na ya wachunguzi, waumini waliambiwa wafunge hadi kufa ili wakutane na Yesu. Upasuaji uliofanywa na madaktari wa serikali ulionyesha kwamba wengi waliuawa na njaa, na kwamba baadhi yao, watoto wakiwemo, walikuwa na dalili za kunyongwa au kuzibwa pumzi. Hatia ya mtu mmoja mmoja ni jambo la mahakama, wala si la makala haya. Linalonihusu mimi, mwalimu wa isimu, ni kwamba kule msituni maneno kufa kwa njaa hayakuwa tena sitiari ya mwanafunzi anayesubiri chakula.

Sikusudii kuhubiri. Kazi hiyo ina wenyewe. Nakusudia kuonyesha kwamba mafundisho ya Kikristo, tangu mwanzo wake, yamezungumzia vifo zaidi ya kimoja. Kwamba yanavitenga kwa uangalifu mkubwa. Na kwamba anayevichanganya huwa ameiacha Biblia yenyewe, hata kama ameishika mkononi.

Tuanze na istilahi. Waliotafsiri Biblia kwa Kiswahili hawakuyabuni maneno haya wao wenyewe. Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka wa 1844, na mwaka uo huo akaanza kutafsiri kitabu cha Mwanzo. Mwezi wa Julai, kabla hajamaliza hata mwaka mmoja katika mji ule, mkewe Rosine na binti yao mchanga walifariki, wakazikwa huko huko pwani. Maneno aliyoyakuta vinywani mwa wenyeji, kama vile mauti, maiti, kaburi, roho, nafsi na kiyama, yalikuwa yamekwisha kuzoeleka kwa karne nyingi kutokana na Kiarabu na dini ya Kiislamu. Watafsiri waliomfuata, hadi wale wa Biblia ya Muungano ya mwaka wa 1952, waliyarithi. Urithi huo haukuwa mbaya. Kiarabu na Kiebrania ni lugha za ukoo mmoja, na nafsi na roho za Kiswahili ni binamu wa nefesh na ruakh za Kiebrania, maneno ambayo yote mawili yana uhusiano na pumzi.

Katika urithi huo limo neno moja ambalo, kwa maoni yangu, linaeleza mafundisho haya vizuri kuliko vitabu vingi. Neno hilo ni kufariki. Tunalitumia kama tasfida, kwa kuwa kusema fulani amekufa huonekana ukosefu wa adabu. Lakini asili yake ya Kiarabu ni kuachana, kutengana. Mzizi uo huo ndio uliotupa kufarakana na mfarakano. Kwa hivyo ndugu wawili waliofarakana kwa ajili ya shamba, na mzee aliyefariki hospitalini, wanaelezwa kwa maneno yaliyotoka chimbuko moja. Katika hali zote mbili kitu kilichokuwa pamoja kimetengana.

Hivyo ndivyo wanatheolojia wa Kikristo walivyokieleza kifo. Augustino, askofu Mwafrika wa mji wa Hippo aliyeishi kati ya mwaka wa 354 na 430, alilishughulikia jambo hili katika kitabu cha 13 cha kazi yake kubwa, Jiji la Mungu. Fikira yake, kwa ufupi, ni kwamba mwili hufa unapoachwa na roho, na roho nayo hufa inapoachwa na Mungu. Kifo basi ni utengano. Swali la kuuliza daima ni hili: nani ametengana na nini?

Kifo cha kwanza, cha mwili, hakihitaji maelezo mengi. Ni kile kinachotukutanisha matangani. Inafaa tu kukumbuka kwamba Ukristo haukisifu. Paulo, katika sura ya 15 ya waraka wake wa kwanza kwa Wakorintho, anakiita adui, tena adui wa mwisho kuangamizwa. Naye Yesu, mbele ya kaburi la rafiki yake Lazaro, alilia, ingawa alijua alichokuwa karibu kukifanya. Anayewaambia watu kwamba kifo cha mwili ni rafiki wa kukimbiliwa hana budi kutueleza machozi yale yalikuwa ya nini.

Kifo cha pili kwa mpangilio wetu ni cha kiroho, nacho ndicho kinachowatatiza wasomaji tangu kurasa za kwanza. Katika Mwanzo 2:17 Adamu anaonywa kwamba siku atakapokula tunda alilokatazwa, atakufa. Alikula. Lakini Mwanzo 5:5 yasema kwamba aliishi miaka 930. Je, onyo lilikuwa la uongo? Jibu ambalo makanisa mengi yamelitoa ni kwamba siku ile ile kulitokea kifo, ila si cha mwili. Adamu na mkewe walijificha, wakaogopa sauti waliyokuwa wameizoea, kisha wakatolewa bustanini. Walifarakana na Mungu kwanza. Kufariki kwa mwili kulifuata baadaye.

Tukiisha kuelewa hivyo, mafungu mengi hufunguka. Katika mfano wa mwana mpotevu, Luka sura ya 15, baba anasema kwamba mwanawe alikuwa amekufa naye sasa yu hai. Lakini msomaji anajua kwamba kijana yule alikuwa hai siku zote, akilisha nguruwe na kuyatamani maganda yao. Kufa kwake kulikuwa kutengana na nyumba ya babake. Kufufuka kwake kulikuwa kurudi. Vivyo hivyo, Waefeso 2:1 yawaambia watu walio hai, wanaosikiliza waraka ukisomwa, kwamba walikuwa wafu kwa sababu ya dhambi zao. Na katika Ufunuo 3:1 kanisa zima la Sardi laambiwa kwamba lina jina la kuwa hai ilhali limekufa.

Mfano ulio bora kwa mwalimu wa lugha umo katika Mathayo 8:22. Mtu mmoja alitaka kwanza aende kumzika babake. Yesu akamjibu kwamba kazi ya kuwazika wafu awaachie wafu. Neno ni lile lile, limetumiwa mara mbili katika sentensi moja, na haiwezekani liwe na maana moja. Maiti hachimbi kaburi. Wafu wanaozika ni wafu wa roho. Wafu wanaozikwa ni wafu wa mwili. Mwanafunzi akilielewa fungu hili moja, amekwisha kupata ufunguo wa mengine yote.

Kifo cha tatu chaitwa mauti ya pili, na kinatajwa katika kitabu cha Ufunuo, sura za 2, 20 na 21. Ni utengano wa milele baada ya hukumu. Wakristo hawakubaliani kuhusu namna utakavyokuwa: wako wanaofundisha adhabu isiyokoma, na wako wanaofundisha kuangamizwa kabisa. Lakini jina lenyewe latosha kutufundisha. Kusingekuwa na haja ya kuyaita mauti haya ya pili kama mwandishi hakutaka tuyatenge na yale ya kwanza.

Sasa tunafika kwenye kifo cha nne, ambacho ndicho chenye hatari kubwa kikieleweka vibaya. Vile vitatu vilivyotangulia ni misiba. Hiki ni amri. Warumi sura ya 6 yasema kwamba Mkristo ameifia dhambi. Wakolosai 3:5 yaamuru kufishwa kwa viungo vya mwili vilivyo duniani. Luka 9:23 yamtaka mfuasi ajitwike msalaba, chombo cha kuulia watu. Hapa ndipo mhubiri asiye na elimu, au mwenye nia mbaya, hupata nafasi yake. Huwaambia watu: mmeamriwa kufa, basi kufeni.

Tuitazame lugha. Katika kufia tunakuta kauli ya kutendea, ambayo kila mwanafunzi wa sekondari ameisoma. Kauli hii ina maana kadhaa. Tukisema askari alifia vitani, tunataja mahali. Tukisema shujaa aliifia nchi yake, tunataja sababu: alikufa kwa ajili yake. Lakini tukisema fulani ameifia dhambi, hatuna maana ya kwamba amekufa ndani ya dhambi, wala kwamba amekufa kwa ajili yake. Maana yake ni kwamba kwa upande wa dhambi mtu huyo ni kama maiti: dhambi ikimwita haitiki, ikimtuma haendi. Kinachokatika ni uhusiano wake na dhambi, wala si pumzi yake.

Biblia yenyewe yaweka alama za kutuzuia tusipotee. Luka 9:23 inasema msalaba huo ujitwikwe kila siku, na Paulo, katika 1 Wakorintho 15:31, asema kwamba anakufa kila siku. Mtu hawezi kufa kifo cha mwili leo, akafa tena kesho na keshokutwa. Neno kila siku ni ushahidi tosha kwamba tumo katika sitiari. Wakolosai 3:5 nayo haituachi gizani: mara tu baada ya kuamuru viungo vifishwe, yavitaja viungo vyenyewe, navyo ni uasherati, tamaa mbaya, uchoyo na mengine ya aina hiyo. Hakuna mkono wala tumbo katika orodha ile. Na Paulo huyo huyo, akiwaandikia Wafilipi kutoka kifungoni, akiri katika sura ya kwanza kwamba angependa kuondoka akae na Kristo, kisha aamua kwamba ni afadhali abaki, kwa kuwa watu wanamhitaji. Hata aliyeitamani mbingu kiasi hicho hakuacha kula ili aifikie.

Kosa la kuchanganya kifo cha nne na cha kwanza si geni, wala halikuanzia Kilifi. Afrika Kaskazini, katika karne ya 4 na ya 5, kulikuwa na kundi la Wakristo lililoitwa Circumcelliones. Wapinzani wao waliandika kwamba baadhi yao walikitafuta kifo kwa makusudi, kwa kuwachokoza watu wawaue au kwa kujitupa majabalini, wakiamini kwamba kufa hivyo ni kufia dini. Augustino alikuwa miongoni mwa waliowapinga, akishikilia kwamba amri inayokataza kuua haimruhusu mtu kujiua mwenyewe. Huo ulikuwa mjadala wa bara letu hili, nao una zaidi ya miaka 1,500.

Yapo mambo ambayo Wakristo wenyewe hawajaafikiana, na si haki kuyaficha. Mkatoliki huamini kwamba roho huhukumiwa mara baada ya kufa, kwamba zipo roho zinazotakaswa toharani, na kila Novemba 2 huwaombea marehemu wote. Wengi wa Waprotestanti hukana toharani, lakini huamini kwamba roho ya mwamini huenda kwa Bwana wake papo hapo. Waadventista wa Sabato, ambao walifika Gendia, karibu na Ziwa Viktoria, mwaka wa 1906, hufundisha kwamba wafu wamelala pasipo kujua lolote hadi siku ya ufufuo. Wote wana aya zao. Ubishi mmoja maarufu wahusu Luka 23:43, maneno ya Yesu kwa mhalifu aliyesulubiwa pamoja naye. Je, neno leo lataja siku ya kuambiwa au siku ya kuingia peponi? Hati za kale za Kigiriki hazikuwa na mkato kama wetu, kwa hivyo tofauti nzima ya imani hutegemea mahali ambapo mhariri aliyekuja baadaye aliweka alama ndogo ya uandishi.

Lakini angalia jambo moja. Ubishi wote huo wahusu yanayotokea baada ya kifo cha mwili. Hakuna hata upande mmoja kati ya hizo tatu unaofundisha kwamba mwamini akiharakishe. Palipo na ugomvi mwingi kiasi hicho, makubaliano kama hayo yana uzito.

Hivyo basi, walimu tufanye nini? Tuna bahati kwamba zana zote zimo tayari katika silabasi. Mwalimu wa Kiswahili hufundisha sitiari, tasfida, mnyambuliko wa vitenzi na maana kulingana na muktadha. Mwalimu wa somo la Dini hufundisha mafungu yale yale niliyoyataja. Aghalabu wawili hawa hukutana katika chumba cha walimu na kuzungumzia mishahara tu. Wangeweza kukubaliana kwamba sitiari haiishii katika shairi, bali mwanafunzi aliyeweza kuichambua darasani anaweza kuichambua pia kanisani, redioni na katika mkutano wa hadhara.

Napendekeza kila kijana afunzwe kujiuliza maswali matatu kila anaposikia neno kufa katika mahubiri. La kwanza: ni nani au ni nini kinachokufa, mwili, roho au tabia? La pili: kinatengana na nini? La tatu: je, aliyesema maneno haya kwa mara ya kwanza, na waliomsikia wakamtii, waliendelea kuishi, kula na kufanya kazi? Likijibiwa hilo la tatu kwa ndiyo, basi anayewataka watu wafe kweli kweli ameongeza lake.

Watakuwepo watakaosema kwamba kumfunza mtoto kuyahoji maneno matakatifu ni kumtia kiburi. Sikubaliani nao. Katika Yohana sura ya 11 Yesu aliwaambia wanafunzi wake kwamba Lazaro amelala. Wao wakadhani kwamba anataja usingizi wa kawaida, wakasema basi atapona. Yesu hakuwakemea kwa kutoelewa, wala hakuwaacha katika kosa lao; aliiweka sitiari kando akawaambia waziwazi kwamba Lazaro amekufa. Mwalimu wa kweli hafichi maana. Mhubiri anayekasirika akiulizwa neno lake lina maana gani ndiye wa kuogopwa. Wahenga walisema kwamba maneno mazuri humtoa nyoka pangoni. Na sisi tumejionea kwamba yanaweza pia kumtoa mzazi nyumbani kwake na watoto wake, akawapeleka msituni.

Tena kuna kisa kifupi katika Marko sura ya 5 ambacho ningependa kisomwe katika kila darasa. Binti ya Yairo, mtoto wa miaka 12, alikuwa amekufa. Yesu alimshika mkono akamwinua, akatembea. Watu wote walishangaa. Baada ya kuwaonya wasilitangaze jambo lile, Yesu alitoa agizo moja la mwisho kuhusu mtoto yule: apewe chakula.